Nimefanya leza kidevuni Mombasa, siku ya kumi na mbili uso umeingia weusi. Ni jua, ni mashine, au ngozi zetu hazifai?

#1 BintiLangoni (mleta uzi)

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naandika nimejifungia chumbani, sitaki mamangu anione nikilia tena.

Nina nywele za kidevu tangu miaka 17. Daktari alisema ni homoni, ovari zangu zina vifuko vidogo vidogo. Miaka tisa nimezing'oa kwa kibanio kila asubuhi kabla watu hawajaamka. Harusi yangu ni wiki saba zijazo, hapa hapa Amu, nikaona niende Mombasa nipigwe leza angalau zipungue. Nikapigwa kidevu, juu ya mdomo na kando za mashavu. Ilikuwa kama kurukiwa na cheche za mafuta ya kukaangia samaki. Ngozi ikatoka vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, wakanipaka jeli ya baridi, wakaniambia "paka losheni, usikae juani". Basi. Karatasi sikupewa, jina la mashine sikutajiwa.

Kesho yake nikapanda basi la alfajiri. Mokowe nilifika adhuhuri imepita na boti ikakaa gatini muda mrefu ikingoja watu.

Siku ya tano nikaona madoa ya kahawia. Leo ya kumi na mbili ni meusi ti. Naomba mnieleze: nimeungua, ni jua la safari, au leza si ya watu wa rangi yetu? Na yatatoka kabla ya harusi?

#2 KaskaziNaKusi

Pole dadangu. Leza ni ya wazungu. Ile taa inafuata rangi nyeusi ya unywele, na sisi ngozi yenyewe ina rangi. Itajuaje ipi ni ipi? Inachoma vyote viwili.

#3 NesiMpeketoni

Pole mwanangu. Ndugu wa #2 amesema nusu ya ukweli, nusu iliyobaki ndiyo muhimu. Ni kweli leza ya nywele hufuata melanini. Lakini leza si moja. Iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi ni ile ya Nd:YAG, mawimbi yake ni nanomita 1064, inapita ngozi ya juu bila kunaswa sana na rangi, inafika kwenye shina. Alexandrite ya 755 inanaswa juu juu, na ngozi kama yako inaweza kuungua. Kuna pia mashine ya mwanga mpana, IPL, ambayo si leza kabisa ila saluni nyingi huiita leza. Hiyo ndiyo huniogopesha zaidi kwenye ngozi nyeusi.

Nijibu haya ndipo nikuambie kitu:
Madoa yana kingo zilizonyooka au yamefifia pembeni?
Yako pande zote mbili sawasawa?
Ulipata malengelenge au gaga?
Ulipaka au kufanya nini usoni baada ya pale? Sema vyote, hata unavyoviona vidogo.

#4 MvuviShela

Mimi si daktari lakini nimefanya leza ya ndevu mwaka uliopita kwa sababu ya vipele. Nikinyoa, shingo nzima inakuwa kama ganda la shokishoki, usaha juu. Leza ilinisaidia sana, kwa hiyo ile ya "ni ya wazungu" si kweli, mimi ni mweusi kuliko wengi humu.

Ila niliambiwa nisiende baharini wiki mbili, nikaenda siku ya nne. Msimu ulikuwa wa kaskazi, samaki wapo, nikae nyumbani nile nini? Weusi ulinitoka shingoni upande mmoja tu, ule ninaougeuzia jua nikishika usukani. Ulikaa miezi minane. Mimi nasema ni jua la boti. Sasa napaka sanskrini namba 50, hiyo inakinga mara mbili ya ile ya 25.

#5 MwanaAmu

Mwanangu, yua la Amu si la mzaha, na la ndiani majini huchoma muno. Unaona umefunika kitwa, kumbe lakuya kwa chini, latoka kwenye mai lakupiga kidevuni. Buibui halizuii la chini.

Zamani bibi arusi akiwekwa ndani wiki kadhaa haoni yua kabisa. Watu wa yeo husema ni kumfungia mtoto wa watu. Sisi tulijua ngozi iliyosuguliwa singo (msuguo wa maharusi) haitaki yua. Wewe umefanya kubwa kuliko singo, kisha ukapanda boti siku ya pili!

#6 BintiLangoni

Shukran nyote. Nesi, nimekaa na kioo mlangoni penye mwanga, nakujibu.

Kidevuni na juu ya mdomo yana kingo. Ni vipande vidogo vya mraba mrefu, vimepangana kama mabati ya paa, baadhi vimelaliana na pale vilipolaliana ndipo peusi zaidi. Shavu la kushoto si hivyo, ni kama wingu, halina mwanzo wala mwisho. Shavu la kulia karibu safi.

Malengelenge mawili chini ya mdomo, siku ya pili. Yakapasuka yenyewe, gaga likaanguka siku ya saba. Sikulibandua, wallahi.

Kwenye boti nilikaa upande wa kushoto wazi, ninja (kitambaa cha uso) nilikuwa nimeishusha kwa joto. Tulivalishwa jaketi la kuokolea, limelowa maji ya chumvi, na ule mkanda wake wa shingoni ulinisugua kidevu mpaka tunafika.

Na hili pia nitalisema, msinigombeze. Siku ya nne shangazi alinipaka liwa na ndimu usoni "kutoa moto". Siku ya sita niling'oa nywele mbili tatu zilizochomoza.

#7 KaskaziNaKusi

Jua, chumvi, mkanda, ndimu, kibanio na mashine. Dada, hapo hata ngozi ya kiboko ingelalamika. Nakuombea upone haraka.

#8 NesiMpeketoni

Hatukugombezi. Umetusaidia kuliko unavyojua.

Vile vipande vyenye kingo ni alama ya dirisha la mashine. Pale fundi alipolaza juu ya pale alipokwisha kupiga, ngozi imepata moto mara mbili. Hiyo ni ya mashine na mkono ulioishika, wala si kosa lako. Malengelenge yanathibitisha kwamba moto ulizidi. Vile vipele vya kuku vilikuwa sawa, hutoka na kuondoka ndani ya siku moja au mbili.

Shavu la kushoto sina uhakika. Linafanana na jua. Lakini ndimu haina huruma: maji yake yakibaki ngozini na jua likapiga, yanachoma yenyewe hata kwa mtu ambaye hajaguswa na leza. Nimewaona wauza maji ya ndimu wenye michirizi myeusi mikononi. Je, baada ya liwa ulitoka nje?

Nywele zinazochomoza wiki ya kwanza hadi ya tatu mara nyingi ni zile zilizokufa, ngozi inazisukuma nje. Ziache zianguke. Zikikusumbua, nyoa. Kung'oa hapana, wala sukari na ndimu wala nta, kwa sababu leza ya mara ya pili inahitaji shina liwepo.

Kwa sasa: maji ya baridi na sabuni laini, mafuta yasiyo na manukato, pale palipokuwa na gaga vaselini nyembamba. Usisugue. Sanskrini asubuhi, na rudia kila saa mbili ukiwa nje.

#9 BintiLangoni

Nilitoka. Nilienda kuanua nguo darini, saa sita mchana. Dakika kumi hazikufika.

#10 MamaWatamu

Mimi naomba liwa isisingiziwe. Nimezaa mabinti wanne na wote nimewapaka liwa tangu wadogo. Liwa ni msandali tu, na maji ya waridi. Mwenye kosa ni ndimu, na hiyo kwetu haitiwi usoni, inatiwa kwenye samaki.

Binti yangu wa tatu alirukiwa na mafuta ya mahamri mkononi. Tulimwagia maji ya bomba mpaka tukachoka, kisha asali kwenye kitambaa safi. Leo hata alama huioni. Kwa hiyo msitupe dawa zote za nyumbani baharini. Mshubiri je, nesi? Ninao hapa mlangoni kama jeshi.

#11 NesiMpeketoni

Mama, maji mengi ya baridi kwa dakika 20 ndiyo huduma ya kwanza yenyewe, ulifanya sawa kabisa. Asali kwenye vidonda vya moto hata hospitali zinaitumia, ila ile iliyosafishwa kwa kazi hiyo. Mshubiri unapoza, lakini ukiukata uache yale maji ya manjano yatiririke kwanza, yanawasha. Na ujaribu ndani ya mkono kabla ya usoni. Dawa ya meno ndiyo siikubali hata kwa dakika moja, na bado naletewa watoto waliopakwa.

#12 FundiHinaMambrui

Nimesoma kimya ila sasa niseme, kwa sababu hapa linakuja jambo la kazi yangu. Dada ataka leza tena mikononi au miguuni kabla ya harusi? Kama ndiyo, usiweke hina wala piko kwanza. Mteja wangu mmoja alienda kutoa nywele za mikono wiki moja baada ya sherehe, maua bado yako mkononi. Taa ilifuata maua. Aliungua kwa umbo la ua lile lile nililomchora mimi, petali kwa petali. Nililia siku hiyo. Ni kazi ya mkono wangu ile, imeandikwa kwa moto.

Na piko, wengi hamjui, ni rangi nyeusi ya nywele. Ngozi ikiwa imetoka kwenye leza, piko inaweza kukuletea malengelenge ya pili ambayo si ya leza. Harusi yako niite, nitakuchora kwa hina ya majani tupu, piko usiiguse mwaka huu.

#13 KijanaBarani

Mimi wa Malindi. Yangu ni chale ya wino mkononi, niliifuta kwa leza mara tano. Hiyo ni leza nyingine, inapiga haraka sana, inavunja wino vipande vidogo halafu mwili unavibeba wenyewe, ndiyo maana wanakupumzisha wiki sita hadi nane kati ya mara na mara. Ukipigwa ngozi inakuwa nyeupe papo hapo kama imemwagiwa chaki, baada ya dakika inarudi.

Lengelenge langu moja lilikuwa kubwa kama kikombe cha kahawa. Niliambiwa nisilipasue. Nilirudi kazini kwenye boti za vioo za hifadhi ya bahari siku ya nne, jua la Malindi mnalijua, kamba ikalipasua. Leo hii pale hapana weusi, pana weupe. Baka jeupe, miaka mitatu sasa. Kwa hiyo dada, shukuru ni weusi. Weusi hutoka. Weupe wangu daktari alisema huenda usirudi.

#14 KaskaziNaKusi

Na chale yenyewe ilikuwa jina la nani?

#15 KijanaBarani

La mtu aliyerudi kwao Italia. Turudi kwenye uso wa dada.

#16 MvuviShela

Malindi mna mambo 😄 Kijana, pole. Hiyo kamba naijua, mimi ilinitoa ngozi ya kiganja.

#17 MwalimuManda

Nimechelewa, nimekuta uzi mtamu. Mimi hufundisha fizikia, naomba niongeze na nirekebishe.

Leza ya kwanza iliwaka 1960, Theodore Maiman, Marekani. Miaka 23 baadaye, 1983, Anderson na Parrish wakaeleza kanuni ambayo leza za ngozi zinaitegemea hadi leo: chagua rangi ya mwanga inayonaswa na kile unachotaka kukichoma, kisha uipige kwa muda mfupi kiasi kwamba moto hauwahi kusambaa pembeni. Kwa hiyo swali la #2 "itajuaje" lina jibu. Inajua kwa mawimbi, kwa muda wa pigo na kwa ubaridi unaowekwa juu ya ngozi. Fundi akikosea kimoja katika hivyo vitatu, inapotea njia.

Kuna kipimo cha aina za ngozi kinaitwa Fitzpatrick, jina la daktari aliyekitunga, cha 1975. Alipokianzisha kilikuwa na aina nne tu, zote za watu weupe. Aina ya tano na ya sita, ndiyo sisi, ziliongezwa baadaye. Ukienda kliniki waulize wamekuandika aina gani. Wasipojua swali hilo, vaa viatu vyako uondoke.

Sasa ndugu MvuviShela, hesabu ya #4 si hiyo. Namba 30 inazuia karibu asilimia 97 ya miale ya jua ya aina ya B, ile inayounguza ngozi, namba 50 karibu 98. Hamsini si mara mbili ya ishirini na tano. Shida yetu kubwa ni kiasi: watu wanapaka kama wanapaka wanja. Uso na shingo vinataka mistari miwili ya sanskrini, iliyojaza urefu wa vidole viwili.

Na MwanaAmu ana haki kuhusu jua la chini. Povu la bahari hurudisha kama robo ya miale hiyo, mchanga mkavu wa pwani kama asilimia 15. Nasi tuko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta.

#18 MvuviShela

Nimerekebishwa, mwalimu. Basi pesa zangu za namba 50 nirudishiwe na nani 😅 Lakini bado nasema ni boti.

#19 MwanaAmu

Mwalimu amenena nilonena mimi, ila yeye ana asilimia.

#20 UrembouwaMjini

Dada usihangaike. Kuna krimu ya kuchanganya, natengeneza mwenyewe, wiki mbili uso unakuwa kama wa mtoto. Harusi utakuwa umeng'aa. Nitumie ujumbe.

#21 NesiMpeketoni

Mleta uzi, usimtumie ujumbe huyo.

Naandika hili kwa herufi zote kwa sababu nimeona nyuso za wasichana. Krimu za kuchanganya zisizo na lebo mara nyingi zina steroidi kali, au haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), au zebaki. Kenya vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Uso unang'aa wiki mbili kweli, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukiacha tu weusi unarudi na nduguze. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa buluu ambao haufutiki. Na hii ni ngozi iliyotoka kuungua, mlango uko wazi.

Daktari wa ngozi anaweza kukupa dawa za kupunguza weusi kwa kipimo na kwa muda maalumu. Asidi ya azelaiki inafaa watu wengi na ni pole. Lakini aangalie uso kwanza.

#22 UrembouwaMjini

Yangu haina zebaki. Natumia mimi mwenyewe na dadangu.

#23 FundiHinaMambrui

Ina nini basi? Taja. Sisi wa hina ya majani tunataja: majani, ndimu, sukari, mafuta ya mkaratusi.

#24 MamaWatamu

Hakujibu.

Mimi nina wazo jingine ambalo hamjalisema. Moto wa jikoni. Huyu ni bibi arusi mtarajiwa, nyumba ina wageni, nani anageuza mofa na kupika wali wa watu thelathini? Nilipojifungua mwanangu wa mwisho nilipata mabaka ya mashavu, daktari akaniambia jua na joto vyote viwili vinayakoleza. Nilikuwa napaka mafuta ya jua halafu nasimama kwenye jiko la makaa saa tatu nzima. Nilipomwachia dadangu jiko, yalipungua.

#25 BintiLangoni

Mama Watamu, umejuaje? Mofa ni zamu yangu kila jioni. Na huwa nainamia upande wa kushoto kwa sababu mlango wa tanuri uko hivyo.

#26 KaskaziNaKusi

Basi shavu la kushoto lina washitakiwa watatu: boti, dari na mofa.

#27 Kidevu2

Nimejiandikisha leo ili nijibu uzi huu. Dada BintiLangoni, mimi ni wewe. Homoni, kidevu, kibanio, mlango umefungwa.

Nataka nikuambie kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Nilifanya leza mara sita, Mombasa, mashine sahihi kabisa hiyo ya 1064. Weusi sikupata. Lakini chini ya taya, pale pembeni ya sehemu waliyopiga, nywele ziliongezeka. Vinyweleo vilivyokuwa laini vikawa nywele kamili. Nilidhani nimechizika. Daktari akasema hutokea kwa wachache, hasa taya na shingo za wanawake wenye homoni kama zetu, na hasa pigo likiwa dogo mno: badala ya kuua shina, joto linaliamsha. Walipandisha nguvu kidogo na wakapanua eneo, ikatulia. Pia akanirudisha kwa daktari wa wanawake, kwa sababu homoni zisipotulizwa, nywele mpya zitakuja tu hata mashina ya zamani yakifa.

Kwa hiyo ukienda safari ya pili, wasipunguze nguvu kwa woga tu kwa sababu uliungua. Wabadilishe mashine na wajaribu kipande kidogo chini ya sikio, wasubiri. Mimi walisubiri wiki mbili kabla ya kugusa uso.

Na nilikaa na kibanio mkobani miaka kumi na mmoja. Nimekitupa Februari.

#28 BintiLangoni

Nimesoma #27 mara tatu. Sikujua kuna mtu mwingine.

#29 MwalimuManda

Kidevu2, ahsante kwa hilo. Na linapingana kidogo na #8, au niseme linaongeza: moto mwingi kosa, moto mdogo kosa.

#30 NesiMpeketoni

Halipingani. Ila naongeza kwa wote wanaosoma: aliyewahi kutoka vidonda vya homa mdomoni aseme kabla ya leza ya eneo hilo, apewe vidonge vya kuzuia, kwa sababu leza huviamsha. Na wenye tabia ya makovu yanayovimba, waseme pia.

#31 KijanaBarani

Nesi swali. Huo weusi unachukua muda gani kwa kweli? Dada aliuliza mwanzo, tumemzungusha.

#32 NesiMpeketoni

Sikutaka kumvunja moyo. Ukiwa umekaa ngozi ya juu, kawaida miezi sita hadi kumi na miwili, ukikingwa jua. Ukizama chini unaonekana wa kijivu na unakawia, hata miaka. Wake ni wa kahawia hadi mweusi, natumaini uko juu. Wiki saba hautaisha wote. Utafifia.

#33 BintiLangoni

Bora nimejua.

#34 BintiLangoni

*(wiki tano baadaye)*

Narudi kwenu kama nilivyoahidi ndani ya moyo.

Nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Aliwasha taa ya rangi ya zambarau juu ya uso wangu gizani, akasema vipande vya kidevu viko juu, vitatoka. Shavu la kushoto kuna sehemu imeingia chini. Nikamuuliza ni boti, dari au mofa. Akacheka akasema ngozi haiandiki tarehe. Mashine waliyotumia mara ya kwanza hakuweza kuniambia, kule nilikofanyiwa nilipopiga simu walisema "ni leza ya kawaida".

Amenipa azelaiki usiku, na sanskrini yenye rangi ya udongo. Alinieleza ile ya kawaida nyeupe huzuia miale isiyoonekana, lakini hata mwanga wenyewe unaoonekana huzidisha weusi kwenye ngozi zetu, na ile oksidi ya chuma iliyomo kwenye rangi ndiyo inayouzuia. Ilibidi nichanganye rangi mbili kupata ya kwangu, moja ilinifanya kama nimepakwa unga wa mhogo.

Mofa sasa anachoma ndugu yangu wa kiume. Analalamika, lakini anachoma.

Lililobaki lilikuwa somo wangu, kungwi wa harusi. Yeye amesugua maharusi wa mtaa huu wote na hajawahi kuruka uso wa mtu. Nilimpeleka shangazi anisemee, ikashindikana. Mwishowe nilivua ninja nikamwonyesha, nikamwambia hapa ni kidonda, bi, kimefunga juu tu. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga muda mrefu. Akasema mikono na miguu na mgongo atanisugua mpaka nimwombe msamaha, uso atauacha mpaka nizae.

Vile vya kama mabati sasa lazima nikuelekeze ndipo uvione. Wingu la kushoto bado lipo.

#35 FundiHinaMambrui

Nakuja Jumatano kwa boti ya asubuhi. Hina nimeponda mwenyewe.

#36 MamaWatamu

Mola akutimizie, mwanangu. Mwambie huyo ndugu yako avae kofia kwenye mofa, naye ana mashavu.

#37 KaskaziNaKusi

Hongera dadangu. Natengua #2. Nusu yake.

#38 MwanaAmu

Somo huyo namjua, nami alinisugua. Kuacha uso kwake ni heshima kubwa alokupa.

#39 MvuviShela

Safari ya kwenda kwa daktari na kurudi, kwenye boti ulifanyaje? Nina dadangu anataka kwenda mwezi ujao.

#40 BintiLangoni

Nilivuka saa kumi na mbili asubuhi kwenda, na kurudi nikangoja Mokowe mpaka saa kumi na nusu jioni. Nilikaa katikati, si ukingoni. Ninja sikuishusha, na ilipolowa nilibadilisha kavu, daktari alisema kitambaa kilicholowa kinapitisha zaidi. Mkanda wa jaketi niliufunga chini ya kanga nzito usiguse kidevu. Na mwavuli nimeuelekeza kwenye maji, si juu. Watu wa boti walishangaa. Mzee mmoja akaniuliza mvua inatoka wapi, nikamwambia inatoka kwa chini, akaniachia nafasi niukunjue vizuri.

#41 MvuviShela

Kuelekea majini. Sawa. Namwambia.